Futari, Idi, mzazi na mwenye eda: jirani Mkristo apeleke nini, na saa ngapi?

mgeni_ngamiani
Wakuu, naomba mwongozo. Ninakaa Ngamiani, Tanga, nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, na majirani zangu karibu wote ni Waislamu. Mimi ni Mkatoliki. Ramadhani ikiingia sahani za futari haziishi kuletwa kwangu, na sitaki kuwa mtu wa kupokea tu. Nipeleke nini, saa ngapi, na je, nilichopika mimi watakila? Halafu kuna mengine mawili: mama wa chumba cha pili amejifungua juzi, na bibi wa nyumba ya mbele yuko eda. Huyu wa eda ndiye ananitatiza zaidi, maana nasikia kuna vitu hapelekewi. Mfuko wangu ni wa kawaida, siwezi kufuturisha mtaa.

bi_kawa
Karibu Tanga, jirani. Nianze na saa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Magharibi ya Tanga huwa kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 hivi, kutegemea msimu. Ukibisha hodi saa 12 kamili umemkuta mwenye nyumba jasho linamtoka, uji unachemka, watoto wanapanga mkeka, na sasa inabidi aache yote akushukuru. Peleka baada ya alasiri, mwisho saa 11 na nusu. Ukichelewa, usilazimishe. Subiri watu warudi tarawehe, na uchague kitu cha kuliwa usiku au daku.

Kuhusu chakula chako: wengi watakila, ila kuna wanaojizuia kimya kimya, na hawatakwambia. Wanachowaza si nyama peke yake, ni sufuria pia. Kama jikoni kwako kitimoto huingia au bia hutumika kupikia, usipeleke cha kupikwa. Peleka tende, tikiti, maembe, nazi, kilo mbili za sukari, unga wa ngano. Kama haviingii, lisemee hilo mara moja unapokabidhi: "Nimepika mihogo ya nazi, haina nyama." Basi, usitoe hotuba. Cha mihogo, magimbi, viazi vitamu au maharage ya nazi ni salama kuliko chochote chenye nyama. Ukitaka kweli kupeleka sambusa za nyama, nunua nyama bucha ambalo wao wenyewe hununua. Vanila ya chupa soma lebo, zipo zenye alkoholi. Peremende laini za jeli nazo ziache, nyingi zina jelatini ya nguruwe.

Kingine, usipeleke siku za mwanzo. Kumi la kwanza kila nyumba ina futari ya kumwaga. Kumi la mwisho watu wamechoka, pesa imeenda kwenye nguo za watoto, na mpishi hataki kuona jiko. Sahani moja siku hiyo inaonekana kuliko tatu za mwanzo.

Na sahani yao usiirudishe tupu, wala usiirudishe jioni ile ile imejaa pilau. Ukifanya hivyo umeanzisha mashindano. Kaa siku mbili tatu, ioshe, weka ndimu tano au maembe mawili, rudisha. Chini ya vyombo vyako bandika plasta iliyoandikwa jina. Mwezi huo vyombo hupotea kwa kuchanganyika tu, na kuulizia beseni lako mlango kwa mlango ni aibu.

doti_na_nusu
Nijibu la mzazi. Kwanza piga simu au mtume mtoto aulize kama anaweza kupokea wageni. Wiki ya kwanza kaa mlangoni, toa ulichobeba, uondoke. Mwenye mafua asiende kabisa, na aliyepita mlangoni anawe mikono kabla ya kumgusa mtoto. Wala usimbusu mtoto.

Cha kupeleka: supu ya kuku wa kienyeji, uji wa pilipili manga, au mtori kama unajua kuupika. Lita mbili kwenye chupa ya chai zinamtosha usiku mzima, maana anayenyonyesha huamka na njaa saa 8 usiku na hakuna wa kumwashia jiko. Pilipili manga weka kwa kiasi, uji ukiwa mkali mno wengine huona unawachoma tumbo. Asali kama unampelekea mama ni sawa, lakini mwambie wazi mtoto asirambishwe. Chini ya mwaka mmoja asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, na mtoto mchanga hana kinga navyo. Maji na gripe water pia usipeleke, miezi 6 ya mwanzo ni ziwa tu.

Pampasi: kila mtu hununua zile ndogo kabisa, na mtoto huzipita katika wiki chache. Wewe nunua saizi inayofuata, au ya tatu. Sabuni ya mche kwa ajili ya nguo za mtoto haijawahi kukataliwa na mtu.

Sasa kanga. Hii ndiyo zawadi yenyewe ya uzazi pwani, lakini SOMA JINA kabla hujalipa. Muuzaji atakufunulia rangi na pindo, na maneno yamejikunja ndani. "Nani kama mama" haikosei. Ukimpelekea mzazi "Wache waseme" ataanza kujiuliza wanasema nini. Pili, chukua ya pamba. Ile ya kuteleza inang'aa dukani lakini hainyonyi maji, na mzazi anaitaka kwa kumfutia mtoto, kumbebea na kujifunga mwenyewe. Sugua pindo kwa kidole kilicholowa: ya pamba itanyonya papo hapo, ya nailoni maji yatakaa juu. Tatu, peleka doti nzima bila kukata. Vipande viwili vikiwa bado vimeungana ndivyo inavyojulikana ni mpya. Atakata na kupinda mwenyewe.

mzee_wa_baraza
Kwa mwenye eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, na kama ni mjamzito, mpaka ajifungue. Kipindi hicho hatoki bila haja, hajipambi, hapaki hina, hajitii manukato. Kwa hiyo udi, marashi, mafuta ya kunukia, asumini, kanga ya rangi kali ya kutokea na sabuni ya kuogea yenye harufu nzito, vyote hivyo acha. Anayempelekea hakusudii ubaya, ila anamwachia kazi ya kuvigawa.

Angalia kilichosimama baada ya marehemu. Mara nyingi mume ndiye alikuwa akienda sokoni, akilipa maji, akinunua gesi. Siku saba za mwanzo nyumba imejaa watu na mchele. Mwezi wa pili hakuna mtu. Hapo ndipo pa kwenda. Mchele kilo tano, mafuta lita moja, majani ya chai, sukari. Au mnunulie umeme: omba namba ya mita ya LUKU, ina tarakimu 11, isome kwa sauti mbele ya mwanawe kabla ya kulipa, kwa sababu tokeni ya mita moja haiingii kwenye mita nyingine. Ukishalipa utapata tarakimu 20. Usimtumie tu ujumbe mtu mzima asiyeona vizuri. Ziandike kubwa kwenye karatasi kwa mafungu ya nne nne, au mtume kijana akamwingizie.

Kama wewe ni mwanamume usiende peke yako. Nenda na mkeo au mama mwingine wa uani, simama nje, msalimie kwa sauti: "Shikamoo bibi, pole, tumekuja kukujulia hali." Usimuulize eda inaisha lini. Siku akitoka, wenzake watamfanyia shughuli yake. Hapo sasa kanga ya rangi na manukato vina mahali.

Jambo dogo: usije ukaambiwa nawe utoe zaka ya fitri. Hiyo ni ya Muislamu, takribani kilo mbili na nusu za chakula kwa kila mtu wa nyumba, itolewe kabla ya sala ya Idi. Ukitaka kumsaidia asiyejiweza, msaidie tu kama jirani, usiipe jina hilo.

mgeni_ngamiani
Asanteni sana, wakuu. Bi kawa, kaimati zangu zikifika kwa jirani zimeshakuwa laini kama mkate uliolowa. Nakosea wapi? Na asubuhi ya Idi watoto huja mstari mzima, nitoe shilingi ngapi?

bi_kawa
Unafunika zikiwa za moto. Hilo peke yake linatosha kuziharibu.

Lakini twende mwanzo. Unga wa ngano vikombe 3, hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari kijiko kikubwa 1, maziwa ya unga vijiko vikubwa 2, maji ya vuguvugu kikombe 1 na robo tatu, ukiyamimina kidogo kidogo. Piga kwa mkono dakika kumi hadi unga uvutike. Ukiinua mkono udondoke polepole, kwa bonge. Ukitiririka kama uji ongeza unga, la sivyo utapata vitu vyenye mikia. Funika uumuke saa moja. Ukipitiliza sana unachachuka na kaimati zinakunywa mafuta.

Mafuta yawe ya kina na ya moto wa wastani. Minya unga kwenye ngumi ya kushoto, chota kwa kijiko ulichochovya kwenye mafuta, dondosha, kisha zigeuze bila kupumzika. Moto ukiwa mkali zinaiva nje na ndani kuna unga mbichi, na huo unga mbichi ndio unaozilainisha baadaye. Toa zikiwa za kahawia, si za njano.

Shira: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, iliki 4 zilizotwangwa, ndimu matone machache ili isigande chembechembe. Chemsha dakika 8 hadi 10, mpaka tone lako kati ya vidole viwili livute uzi. Shira nyepesi inaingia ndani, nzito inabaki nje kama ganda. Kaimati zikiwa na joto, mimina, rusharusha, tandaza kwenye sinia dakika 20 bila kufunika. Ndipo uweke kawa. Kawa la ukindu linapumua. Kopo la plastiki lenye mfuniko halipumui, na huko ndiko zako zinakofia.

doti_na_nusu
Watoto: wape sawasawa, mkubwa kwa mdogo, maana watalinganisha kabla hawajafika kona. Sarafu za 500 zinatosha kabisa. Zitafute wiki moja kabla, siku ya mkesha kila duka linakwambia chenji hakuna. Weka kando na za watoto wa mtaa wa pili, watakuja tu. Zikiisha, karanga au biskuti.

mzee_wa_baraza
Na Idi el Hajj usishangae kuletewa nyama mbichi. Ya kuchinjwa hugawiwa fungu la nyumbani, la ndugu na marafiki, na la masikini. Pokea kwa mikono miwili, usiharakishe kulipa. Zamu yako ni Krismasi: mwalike jirani Muislamu akuchinjie kuku asubuhi, kisha pilau ikienda kwao hakuna maswali.

mtoto_wa_pangani
Niongeze la upande wa pili, kwa ndugu Waislamu wanaosoma hapa. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani ikaingia siku hizo hizo. Siku hiyo na kila Ijumaa ya Kwaresma Mkatoliki hali nyama. Ijumaa hizo mpelekeeni mgeni wetu samaki wa kupaka, na sambusa za nyama mziweke hadi Jumamosi.