Kuwaandikia wahusika wa tamthilia visa vipya: ni uandishi au ni kudandia kazi ya watu?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita niliomba mnitajie hadithi za mashabiki mnazozipenda. Nazungumzia zile ambazo mtazamaji anawachukua wahusika wa tamthilia aliyoitazama, anawatungia kisa kipya na kukitoa bure. Nilipata majibu mawili ya maana, kisha mjumbe mmoja akaandika kwa ufupi: huo ni wizi, mwenye kipaji hutunga wahusika wake mwenyewe. Waliomuunga mkono ni wengi kuliko waliojibu swali langu. Jibu lile limenikaa rohoni, ndiyo maana leo nalileta kama mada tulijadili kwa hoja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Huo ni uandishi, na wanaouandika wanatudai. Kwa kuwa hawapokei hata shilingi, malipo yao ni mawili tu: tuwaambie kwamba tumewasoma, na tuwapendekeze kwa wengine.

Nianze na hili la "wahusika wake mwenyewe". Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate aliyetuachia Al-Inkishafi, alizichukua beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo akazitungia takhmisa. Wanaoujua ushairi wanaielewa kazi hiyo: maneno ya mwenzio unayaacha yalivyo, unatanguliza mistari mitatu ya kwako, ubeti unakuwa wa mistari mitano. Utamu wake ni kuisikia sauti ya kwanza ndani ya ile ya pili. Na Abunuwasi je? Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vile visa vya sufuria iliyozaa na mengineyo wamemtungia watu wengine, kizazi baada ya kizazi, na sisi tumelelewa navyo. Bibi yangu alikuwa na kisa chake cha Abunuwasi ambacho sijakikuta kitabuni hadi leo.

Tuje kwenye runinga. Star Trek, tamthilia ya watu wanaosafiri kwa chombo cha anga, ilionyeshwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969. Mwaka 1967, tamthilia ikiwa bado hewani, mashabiki walishatoa jarida lao, Spockanalia. Hapakuwa na intaneti. Mtu alipiga chapa hadithi yake, kurasa zikatolewa nakala, zikabanwa kwa stepla na kutumwa kwa posta. Wengi wa waandishi wale walikuwa wanawake, na walijikosoa wenyewe kwa ukali kuliko yeyote aliyewahi kuwasema kutoka nje. Mwaka 1973 Paula Smith aliandika kisa kifupi sana cha kuchekesha, kuhusu luteni wa miaka 15 na nusu, hodari wa kila jambo, anayependwa na kila mtu chomboni. Jina la binti yule ni Mary Sue, na mpaka leo ndilo neno la lawama kwa mhusika aliyetiwa sukari kupita kiasi. Watu wavivu hawajiwekei kipimo kama hicho.

Wa enzi ile nawapendekeza kwa moyo wote. Wa kwanza ni Jean Lorrah, na hadithi yake The Night of the Twin Moons ya 1976. Aliwachukua Sarek na Amanda, baba na mama yake Spock, yule ofisa wa chombo mwenye asili ya sayari ya Vulcan, ambao tamthilia yenyewe iliwaonyesha kwa muda mfupi tu, akajibu swali lililoachwa hewani: mume aliyefundishwa tangu utotoni kuzificha hisia, na mke aliyetoka Duniani, ndoa yao inakwendaje siku hadi siku? Mimi nimelelewa na mzee ambaye hajawahi kutamka kwamba ananipenda, lakini aliamka alfajiri kila siku ya shule kuhakikisha nimepata nauli. Niliposoma habari za Sarek nilimwona baba yangu mezani. Baadaye Lorrah aliandika riwaya rasmi za Star Trek, lakini mimi naipenda hii.

Mwingine ni Jacqueline Lichtenberg na mfululizo wake wa Kraith. Alizijenga mila na ibada za watu wa Vulcan kwa kina kiasi kwamba mashabiki wengine walikuja kuandika ndani ya ulimwengu wake yeye. Unataka subira, nakiri.

Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa nyakati aitwaye Daktari, ndiyo inayonipa hoja kubwa. BBC iliacha kuitengeneza mwaka 1989, na kwa miaka mingi walioishikilia roho yake ni mashabiki wenye kalamu. Paul Cornell alikuwa akiandika kwenye majarida ya mashabiki. Hadithi mojawapo aliifanyia kazi upya ikawa Timewyrm: Revelation, riwaya rasmi ya 1991. Mwaka 1995 akatoa Human Nature, ambamo Daktari anageuka binadamu wa kawaida, mwalimu wa shule huko Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, anampenda mwanamke na hataki tena kurudi kuwa yule aliyekuwa. Mwaka 2007 riwaya hiyo ikafanywa vipindi viwili vya runinga, na mwandishi wa vipindi hivyo ni Cornell mwenyewe. Hata Russell T Davies, aliyeirudisha tamthilia hewani 2005, alikuwa ameshaandika riwaya ya Doctor Who mwaka 1996 kwa mapenzi yaleyale. Sasa niambieni, mpaka kati ya mwandishi na mdandiaji uko wapi hapo? Mtu ni yuleyule na kalamu ni ileile.

Siku hizi hadithi nyingi ziko kwenye tovuti ya Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa wote mwaka 2009 na shirika lisilo la faida lililoundwa 2007. Mmoja wa waanzilishi ni Naomi Novik, mwandishi wa riwaya zinazouzwa madukani, ambaye hajawahi kuficha kwamba huandika pia hadithi za mashabiki. Haina matangazo ya biashara, inaendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea. Mwaka 2019 ilipewa Tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za sayansi ya kubuni na njozi, na tuzo hiyo haitolewi kwa hisani.

Niwaonyeshe malipo yanavyofanya kazi pale. Niliwahi kukutana na hadithi ya The X-Files. Mulder na Scully, wapelelezi wawili wa tamthilia hiyo, wamekwama kwenye hoteli ndogo ya barabarani kwa sababu ya theluji. Hakuna zimwi wala viumbe kutoka angani. Mulder amelala, Scully anashona kifungo cha koti lake. Koti ni la kijivu, uzi ni mweusi kwa sababu mapokezi walikuwa na mweusi tu, na Scully anausokota mara mbili chini ya kifungo ili usikatike. Ndicho kisa chote. Chini ya hadithi kuna kitufe cha pongezi na kisanduku cha maoni. Nikamwandikia mistari mitatu kuhusu ule uzi. Hadithi ilikuwa na zaidi ya miaka kumi. Siku nne baadaye akanijibu kwamba miaka yote hiyo alidhani hakuna msomaji aliyeuona.

Kuna jambo jingine linaloniuma, na hapa nakubaliana na wanaosema wizi upo. Miaka ya nyuma niliandika kwa Kiswahili sehemu 22 za visa vya ile tamthilia ya Kituruki ya Süleyman na Hürrem, tuliyoizoea kwa jina la Sultan. Nilizitoa bure, na kila sehemu nilieleza kwamba wahusika si wangu. Baada ya mwaka nikazikuta kwenye kundi moja la WhatsApp, jina langu limefutwa, sehemu ya kwanza bure na zinazofuata unatuma elfu mbili kwa simu. Nilipouliza, nikaondolewa kundini. Huo ndio wizi. Aliyekosea ni aliyefuta jina na kuweka bei.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri lakini sheria umeipita pembeni. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaiweka mikononi mwa mwenye kazi haki ya kuigeuza na kuitohoa. Hukuombwa wala hukuomba. Liyongo na Abunuwasi hawana mtu wa kuwadai. Star Trek ina wenyewe, wako hai na wana mawakili. Diana Gabaldon, mwandishi wa Outlander, mwaka 2010 alisema hadharani kwamba hataki wahusika wake waandikiwe na watu wengine. Mwenye nyumba akisema usiingie, unaingia kwa sababu utafagia bure?

Na la pili. Kijana mwenye kipaji anayetumia miaka mitano kwa Mulder na Scully, miaka hiyo angekuwa amemaliza riwaya ya watu wa Kigoma au wa Lindi. Hili ndilo linalonisikitisha zaidi.

Mleta mada

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuja na hoja. Kuhusu Gabaldon nakubali: mwandishi akiomba wahusika wake waachwe, mimi nawaacha, na hadithi za Outlander sijazipendekeza. Ila na yeye amesimulia mwenyewe kwamba riwaya ile ilianzia kwa kijana wa Uskoti aliyevaa sketi ya kitamaduni katika kipindi cha zamani cha Doctor Who; hata jina la Jamie limetoka huko. Alichotazama kilimkaa kichwani mpaka akakaa mezani. Wanaoandika bure walianza hivyohivyo.

Kuhusu mawakili, angalia ni wakati gani walikwenda mahakamani. Kulikuwa na filamu ya mashabiki wa Star Trek iitwayo Axanar, iliyochangiwa zaidi ya dola milioni moja. CBS na Paramount, wenye haki za Star Trek, waliishtaki Desemba 2015, wakapatana Januari 2017, na katikati ya kesi, mwaka 2016, wakatoa masharti ya filamu za mashabiki: kisa kimoja kisizidi dakika 15, na michango isizidi dola 50,000. Kugombana na vijitabu vya stepla ni jambo moja, fedha za kiwango kile ni jambo jingine. Ndiyo maana nasisitiza bure.

Na hilo la riwaya ya Kigoma, mimi nimejifunza kuandika mazungumzo kwa Süleyman na Hürrem. Msomaji alikuwa ameshawajua, kwa hiyo nilipokosea sauti ya Hürrem aliniambia usiku uleule. Wahusika wa kwangu mwenyewe nani angeniambia?

Mchangiaji wa pili

Mimi niko Mombasa, na haya mambo nayasoma tangu nikiwa sekondari. Kwenye uandishi niko nawe, dada. Sikubaliani nawe kwenye kutaja majina hadharani.

Kumbukeni yaliyotokea China. Tamthilia ya The Untamed ya 2019 ilimpa umaarufu mkubwa mwigizaji Xiao Zhan. Mwanzoni mwa 2020 hadithi moja iliyomhusu yeye mwenyewe, mtu halisi, kiungo chake kilisambazwa Weibo, mtandao wa kijamii wa China. Baadhi ya mashabiki wake wakakasirika, wakaishitakia kwa mamlaka. Ilipofika tarehe 29 Februari, Archive of Our Own yote ilikuwa haifunguki China bara. Hadithi moja ilitembezwa nje ya uwanja wake, na maelfu ya waandishi wasiohusika wakapoteza baraza lao.

Mtu anaandika kwa jina la bandia akijua watakaomsoma ni wale waliobisha hodi. Wewe unachukua kiungo unakimwaga kwenye kundi la watu elfu tano, wengine walimu wake, wengine wazazi wake. Hapo wamlipa au wamuumiza?

Mleta mada

Hoja hii sikuwa nimeipima, na umenigusa. Ukitazama vizuri, niliowataja juu ni waliotoka wenyewe kwa majina yao na vitabu vyao viko madukani. Yule wa koti la kijivu sikumtaja, ingawa mkono uliniwasha. Tangu leo mwandishi wa jina la bandia nitamwuliza kwanza pale chini ya hadithi yake kama yuko radhi nimtangaze huku. Akikaa kimya, nitampendekeza kwa rafiki mmoja mmoja.

Hadithi za watu halisi, waigizaji na wanamuziki, mimi binafsi sizipendekezi. Mulder hana mama wa kuumia.

Mchangiaji wa tatu

Nimesoma yote. Mimi ni mgeni kabisa, nimetazama tamthilia nyingi lakini hizi hadithi sijawahi kuzigusa. Nikiingia huko nazikuta maelfu, nyingine mbaya kweli. Naanzia wapi? Na kwa Kiswahili zipo?

Mleta mada

Karibu sana. Chagua tamthilia unayoijua kwa moyo, kwa sababu utamu uko kwenye kujua kilichoachwa. Chuja zile zilizokamilika tu, maana kuachwa njiani sehemu ya 30 kunauma. Panga kwa idadi ya pongezi, soma tatu za juu, kisha achana na orodha hiyo, kwani pongezi nyingi huenda kwa hadithi za zamani na za wapenzi wawili maarufu. Ukimpata mwandishi anayekugusa, fungua ukurasa wake uone hadithi za wengine alizoziwekea alama. Waandishi wazuri husoma vizuri. Mimi nusu ya ninazozipenda nimezipata kwa njia hiyo. Na soma lebo za juu kabla hujaanza. Zimewekwa na mwandishi ili kukwambia kuna kifo, kuna ukatili, kuna mambo ya watu wazima. Usizipite halafu ukalalamika.

Kwa Kiswahili ni chache mno. Lugha yetu imo kwenye orodha ya lugha pale, sisi ndio hatujaijaza. Zile sehemu zangu 22 nimeamua kuzipandisha upya, kwa jina langu la uandishi, bure. Ya kwanza nitaiweka Ijumaa. Inaanza na kijakazi aliyeleta sinia la sharubati chumbani kwa Hürrem, akainamisha kichwa, akatoka mlangoni, na kamera haikumfuata.