Naomba ushauri: trela yetu ya filamu ya kutisha haitishi

Habari zenu wakuu. Niko chuoni hapa Kampala. Tumerekodi filamu fupi kuhusu basezi, wale wachawi ambao Waganda husimulia kuwa hufukua maiti usiku. Tulipiga picha kando ya msitu wa Mabira, barabara ya Jinja.

Sasa nahariri trela ya sekunde 90 kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Msezi akitokea, mtazamaji ameshajiandaa, maana muziki umemtonya mapema. Je, niukate muziki sekunde 2 kabla, zisikike pumzi na nyenje tu? Au watadhani sauti imeharibika? Halafu picha za usiku zina chenga. Nikizitia giza ili chenga zisionekane, macho ya mwigizaji yanapotea, na hofu yote imo mle machoni. Nisaidieni jamani, tunaonyesha Ijumaa.