Maswali ya hesabu na mantiki kwenye usaili wa mchujo: mnayamalizaje ndani ya muda?

Kijana wa Makambako:
Wakuu, habari za jioni. Wiki ijayo nina usaili wa mchujo kwenye taasisi moja ya fedha. Nimesoma sosiolojia, hesabu tuliagana kidato cha nne. Waliotangulia wanasema ni maswali 40 ya kuchagua kwa dakika 30: mfululizo wa namba, asilimia, mafumbo ya mantiki. Nikiwa nyumbani nayapata mengi, ila nikiwekewa saa mezani nang'ang'ania swali moja mpaka muda unaniishia. Hili limenitesa tangu asubuhi: gari limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa 40. Wastani? Nasema 50, kitabu kinasema 48. Nani kakosea?

Mzee wa Chaki:
Kitabu kiko sawa, kijana wangu. Jipe umbali unaogawanyika vizuri, tuseme kilomita 120. Kwenda saa 2, kurudi saa 3. Hizo ni kilomita 240 kwa saa 5, yaani 48. Gari limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, ndiyo maana wastani umevutwa chini. Asilimia nazo hivyohivyo: bei ikipanda kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20, anza na 100. Inafika 120, halafu inarudi 96, siyo 100. Achana na x na y pale ambapo namba ya kujitungia inatosha.

Chapa Kazi:
Mkuu, hiyo 50 watunga maswali wanaiweka makusudi kati ya majibu. Mwaka 2005 mtafiti Shane Frederick wa Marekani alichapisha jaribio la maswali matatu tu ya aina hii, na wanafunzi wengi wa vyuo vikubwa waliyakosa. Moja nalileta kwa shilingi: daftari na kalamu jumla 1,100. Daftari limezidi kalamu kwa 1,000. Kalamu shilingi ngapi?

Mama Tunu:
100. Hili si la darasa la tatu?

Chapa Kazi:
Dada, kalamu ikiwa 100, daftari ni 1,100, jumla 1,200. Kalamu ni 50.

Mama Tunu:
Duh! Haya, nimekaa.

Mlalahoi Sugu:
Geresha tu hizo. Wenye watu wao washapangiwa na meza.

Chapa Kazi:
Basi wewe usiende, mwache mwenzio ajaribu.

Binti Hesabu:
Kaka, dakika 30 kwa maswali 40 ni sekunde 45 kila moja. Mengine utayamaliza kwa 20, hayo ndiyo ya kuwahi. Likikugomea liwekee alama, songa, utalirudia. Na soma maelekezo: kama jibu baya halikati alama, usiache hata moja tupu.

Mfululizo anza na tofauti. 2, 6, 12, 20, 30: tofauti ni 4, 6, 8, 10, inayofuata ni 42.

Kwenye mantiki ndiko wasomi wa sanaa mnakoliwa, kwa sababu mnaleta maisha ndani ya swali. "Walimu wote ni wasomaji. Baadhi ya wasomaji ni wakulima. Je, ni lazima baadhi ya walimu wawe wakulima?" Kijijini kwetu kila mwalimu ana shamba, lakini jibu ni hapana. Wasomaji wanaolima wanaweza wote kuwa watu wengine kabisa. Chora miduara mitatu utaona: wa walimu unakaa wote ndani ya wasomaji, wa wakulima unaweza kugusa wasomaji bila kuwafikia walimu.

Kijana wa Makambako:
Shukrani, wakuu. Hiyo ya miduara nilikuwa naikosa kila siku. Nimejaribu na la saa ya mishale: saa 9 na robo, pembe kati ya mishale ni ngapi? Mrefu uko kwenye 3, mfupi nao umeshaivuka 3 kwa robo ya nafasi ya digrii 30. Napata 7.5.

Mzee wa Chaki:
Umepata. Wengi hapo wanaandika sifuri. Sasa fanya saa 10 na dakika 20, bila kuchora.