Mjadala: Ombi la wakazi wa Sinza kuhusu barabara na maegesho liombe nini, na lipelekwe kwa nani?

Mkazi wa Mori
Wakuu, rasimu ya ombi letu kwa Manispaa ya Ubungo ina mambo matatu: kuegesha kupigwe marufuku pande zote mbili za barabara za ndani, matuta yawekwe kila mita 50, na mashimo yazibwe kabla ya masika. Viwanja hivi vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma, vikiwa vya makazi. Leo kiwanja hichohicho kina baa, saluni, zahanati au ofisi, na magari ya wateja yanajaa barabarani kuanzia jioni. Toeni maoni kabla hatujaanza kukusanya saini.

Mtendaji Mstaafu
Ndugu, kwa jinsi ilivyo, rasimu hiyo itarudishwa. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini zisizo za TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na TARURA iko chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, si chini ya mkurugenzi wa manispaa. Mashimo, matuta, mitaro na alama za barabarani ni kazi ya meneja wa TARURA wa wilaya. Halmashauri imebaki na mipangomiji, leseni za biashara, taka na sheria ndogo. Ukiyachanganya yote kwenye karatasi moja, kila ofisi itasoma sehemu isiyo yake na kukwambia nenda kule.

Andikeni barua mbili zenye kiambatisho kimoja. Kabla ya hapo, itisheni mkutano mkuu wa mtaa. Saini 200 zilizokusanywa mlango kwa mlango zina uzito mdogo kuliko muhtasari wa mkutano wenye orodha ya mahudhurio, sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa mtendaji wa mtaa. Muhtasari unakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Hapo ombi linakuwa la kata, na diwani analiwasilisha kwenye baraza la madiwani akiwa na karatasi mkononi. Nakala zote zigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri huo haina pa kufuatiliwa.

Na angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mapendekezo ya mtaa na kata yanapaswa kuwa tayari miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda, kabla halmashauri haijapitisha bajeti yake na Bunge kuanza kikao cha Aprili. Ombi la kujenga mtaro likipelekwa Mei, mvua ikiwa tayari imeshaharibu, linasubiri bajeti inayofuata.

Kipimo na Kamba
Nakubaliana na hapo juu, ila mimi napinga marufuku ya pande zote. Pimeni kwanza. Barabara ya mita 6 ikiwa na magari pande zote, kila gari linachukua kama mita 2 pamoja na nafasi ya mlango, zinabaki mita 2. Lori la taka au la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5, halipiti. Magari yakikaa upande mmoja zinabaki mita 4, linapita. Kwa hiyo tatizo la dharura linatatuliwa na upande mmoja tu, na ombi la upande mmoja ni rahisi kukubalika.

Hesabu ya nafasi: chukua kipande cha mita 300. Ondoa mita 10 kila mwisho ili anayetoka njia panda aone, kisha mita 5 kwa kila geti. Mageti yakiwa 20 kwa upande huo, zinabaki mita 180. Kila gari lipewe mita 6 liweze kuingia na kutoka, unapata nafasi 30. Sasa hesabuni magari halisi: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 2 usiku na saa 6 usiku, siku moja ya kazi na Jumamosi moja. Andikeni na herufi za mwisho za namba ya gari. Gari linaloonekana saa 1 asubuhi na saa 7 mchana palepale linaegesha kutwa. La saa 6 usiku pekee huenda ni la mkazi. Bila jedwali hilo mtakuwa mnabishana kwa hisia, na mwenye baa atawashinda kwa sababu yeye anajua idadi ya wateja wake.

Duka la Kona
Naomba na sisi wafanyabiashara tusikilizwe. Kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, la soda na maji linashusha mzigo kwa dakika 15 hadi 20. Mkiweka kibao cha marufuku bila sehemu ya kushushia, gari litasimama katikati ya barabara na foleni itakuwa mbaya kuliko sasa. Wekeni nafasi mbili za kushusha na kupakia kila kipande, zenye saa zake, tuseme saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Tena mbona rasimu haisemi lolote kuhusu mawe, matairi na ndoo za zege ambazo wakazi wenyewe wanazipanga mbele ya ukuta wao? Hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa pembeni uliotengwa kwa ajili ya barabara, si ya mwenye nyumba. Mkitaka sheria, ianze na hayo.

Mkazi wa Mori
Hoja ya mawe ni ya haki, tutaiandika. Lakini baa yenye viti 100 kwenye kiwanja cha familia moja hatuwezi kuitatua kwa nafasi za kushushia mzigo.

Mtendaji Mstaafu
Hiyo ndiyo barua yenu ya pili, na kwangu ndiyo muhimu zaidi. Chini ya Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007, kugeuza kiwanja cha makazi kuwa cha biashara kunahitaji kibali cha mabadiliko ya matumizi, na maombi yanapita kwenye kamati ya mipangomiji ya halmashauri. Msiombe "biashara zifungwe". Ulizeni kwa kila kiwanja, kwa namba ya kitalu na kiwanja: je, kibali cha mabadiliko kipo? Kina sharti la maegesho ndani ya kiwanja? Uwanja ulioonyeshwa kwenye ramani kuwa wa magari bado uko wazi, au umeezekwa na kuwekwa meza? Mara nyingi uvunjaji uko hapo, na halmashauri ina meno hapo kwa sababu inaweza kumbana mwenye biashara kupitia leseni yake.

Mtaro Kwanza
Wote mnazungumzia magari, na mimi nasema maji ndiyo yanayoua barabara. Gari likipanda pembeni, gurudumu linavunja mfuniko wa mtaro. Mfuniko ukivunjika, mchanga na chupa zinaingia, mtaro unaziba. Masika maji yanapanda barabarani, yanapenya kwenye nyufa hadi tabaka la chini, na gari la kwanza zito linachimbua shimo. Ukiziba shimo hilo kwa kifusi bila kuzibua mtaro, litarudi mvua ijayo. Kuziba kwa lami nako kuna utaratibu: kata kingo ziwe wima na mraba, toa vipande na vumbi, kausha, paka lami ya kugandishia, jaza kwa matabaka na kushindilia kila moja. Wanaomwaga kokoto zenye lami juu ya maji wanapoteza fedha za umma, zikiwemo zile shilingi 100 za kila lita ya mafuta zilizoongezwa 2021 kwa ajili ya barabara hizi.

Njia za waenda kwa miguu vilevile. Tofali la pevingi la milimita 60 ni la miguu. Panapopita magari panatakiwa milimita 80 na msingi ulioshindiliwa. Ndiyo maana mbele ya maduka pevingi zimebonyea. Ombeni vizuizi vya zege ukingoni, vikiachana mita 1.5: kiti cha magurudumu kinapita, gari halipandi.

Kuhusu matuta kila mita 50, hapana. Tuta sahihi la mviringo lina urefu wa mita 3.7 na kimo kisichozidi sentimita 10. Yale mafupi ya saruji yanavunja sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kumuumiza mjamzito kwenye bajaji. Kila tuta lazima liachiwe upenyo pembeni maji yapite, la sivyo linakuwa bwawa. Mita 300 zinatosha matatu, yakianzia karibu na shule na njia panda. Na barabara ambayo bado ni vumbi msiiombee tuta kabisa; iombeeni greda, mgongo (katikati ya barabara painuke ili maji yatiririke pembeni) wenye mteremko wa asilimia 4 hadi 6, na mtaro.

Bajaji Stendi
Sisi tukiondolewa kwenye kona tupewe pa kukaa. Bajaji sita zinahitaji kama mita 10 tu zikipangwa kwa mshazari. Tusipoandikwa kwenye ombi, tutarudi kwenye kona ileile mgambo akiondoka.

Duka la Kona
Upande mmoja nakubali. Upande upi, hapo bado. Wa kwetu una maduka saba, wa pili una kuta tupu.

Kipimo na Kamba
Basi uchaguliwe upande wenye mageti machache na usio na mtaro wa wazi, kwa kipande, si kwa mtaa mzima. Unaweza kubadilika baada ya njia panda. Leteni mita za kamba mkutanoni, mageti yahesabiwe pande zote mbili, kisha mchoro uambatanishwe na barua ya TARURA.