Mrejesho: mfalme na makabaila wa mji wangu wa kubuni

Wandugu, aksanti sana. Niliuliza nifanyeje ili mfalme wa hadithi yangu asimalize kila ugomvi kwa amri moja.

Nilifuata ushauri wenu wa kutumia kalinzi, desturi ya ardhi ya huku Bushi, Kivu Kusini (Kongo): mtu alimpa mwami, yaani mfalme, ng'ombe, akapata haki ya shamba ambayo watoto wake wanairithi. Nikaipeleka mjini: ukoo mmoja una gati, mwingine ghala la chumvi, kwa ng'ombe waliopokelewa na babu wa mfalme mbele ya watu. Sasa mfalme akigusa gati tu, koo zote zinashikamana dhidi yake, hata zile zinazochukiana. Pale mzee anapowataja ng'ombe wale mmoja mmoja kwa rangi zao, mbele ya kiti cha enzi, wasomaji wangu wa Kadutu, hapa Bukavu, walinyamaza kimya. Nilifurahi mno!

Baraza la makabaila 25, kama lile la Magna Carta, hati ya Uingereza ya 1215 iliyombana mfalme, halikufaa. Watu walichanganya majina. Nimebakiza wanne. Mama wa mfalme nilimpa jeshi lake kama mlivyosema, lakini amekuwa mkali tu, bado namtafutia njia. Anayeanza hadithi ya namna hii, aanze na kalinzi.