Purple Heart haipo kwenye DD 214 ya baba mkwe (Vietnam 1968): tuanzie wapi?

Mama_Pacha

Habari za saa hizi wakuu. Naomba msaada kwa mnaofahamu kumbukumbu za jeshi la Marekani.

Baba mkwe alikuwa askari wa miguu Vietnam, Jeshi la Nchi Kavu, kuanzia Februari 1968. Aliachishwa jeshi 1969. Kombania yao ilipigwa mota usiku, vipande vya chuma vikamwingia begani na pajani. Alitibiwa kwenye kituo cha tiba cha batalioni, akafungwa bandeji na kurudi kwenye handaki kabla jua halijazama. DD 214 yake (hati ya kuachishwa jeshi), kisanduku cha 24 cha nishani, ina Combat Infantryman Badge (beji ya askari wa miguu aliyepigana) na medali za kawaida za Vietnam. Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, hakuna.

Yuko hai, akili timamu, sahihi anaweka mwenyewe. Maswali yangu:

1. Nijaze moja kwa moja fomu DD 149 ya bodi ya marekebisho ya kumbukumbu za jeshi?
2. Nasikia mwisho ni miaka mitatu. Je, tumeshachelewa?
3. Wengine wanasema faili za zamani ziliungua 1973. Kuna haja ya kuhangaika?
4. Kamanda wa kombania alimwahidi pia kumwandikia Silver Star (nishani ya ushujaa) kwa tukio lingine. Naweza kuomba zote mbili kwa pamoja?

Karani_wa_Masjala

Dada, shikamoo zetu zimfikie mzee. Nianze na swali la tatu maana ndilo linalowakatisha watu tamaa bure. Moto wa hifadhi ya faili za wanajeshi huko St. Louis ulitokea tarehe 12 Julai 1973. Kwa Jeshi la Nchi Kavu uliteketeza takriban asilimia 80 ya faili za walioachishwa kati ya tarehe 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960. Kwa Jeshi la Anga ni walioachishwa kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, na hapo ni wale ambao majina yao kwa alfabeti yanakuja baada ya Hubbard, James E. Mzee aliondoka 1969. Faili lake halimo kwenye kundi hilo. Mtu akikwambia limeungua, mwombe akuandikie barua inayosema hivyo.

Sasa swali la kwanza. DD 149 usiitume bado. Bodi inataka kwanza umalize ngazi za chini, na ukiwahi kwao wanaweza kufunga maombi bila kugusa hoja yako. Mpangilio ni huu: kwanza faili kutoka National Personnel Records Center iliyoko St. Louis, halafu maombi kwenye kitengo cha nishani cha Human Resources Command (ofisi ya utumishi ya Jeshi la Nchi Kavu), Fort Knox, Kentucky. Wakikataa ndipo unakwenda bodi, na ile barua yao ya kukataa inakuwa kiambatisho chako.

Kuomba faili ni bure, kwa fomu SF 180 au kwa mtandao. Kuna kampuni zinatoza pesa kwa kazi hiyohiyo, usiwape hata senti. Kwenye fomu andika wazi kwamba mnataka faili LOTE la utumishi pamoja na kumbukumbu za tiba. Ukiandika tu "nataka kumbukumbu zangu" utaletewa nakala ya DD 214 ambayo tayari unayo. Weka namba zote mbili, ya utumishi na ya Social Security, kwa sababu Jeshi la Nchi Kavu lilihamia namba ya Social Security tarehe 1 Julai 1969, na karatasi za 1968 zina ile ya zamani.

Kama kuna hospitali yoyote alilazwa, hata kwa siku chache, iombwe kwa jina la hospitali na mwaka. Kumbukumbu za waliolazwa zilihifadhiwa kwa mafungu ya hospitali, nje ya faili la askari. Kuna fomu NA 13042 kwa ajili hiyo.

Miaka mitatu ni ya kweli, ipo kwenye kifungu cha 1552 cha Juzuu ya 10 ya sheria za shirikisho, ila inahesabiwa tangu kosa lilipogunduliwa, na bodi ina mamlaka ya kuisamehe haki ikidai hivyo. Ndani ya DD 149 kuna sehemu ya kueleza sababu za kuchelewa. Isiachwe wazi.

Nahodha_Mstaafu

Naongezea kwenye kiini cha kesi hii, maana hapa ndipo wengi wanapokwama.

Purple Heart haitolewi kwa pendekezo la kamanda kama nishani za ushujaa. Ni haki ya askari akitimiza masharti matatu: jeraha limetokana na kitendo cha adui, jeraha lilihitaji kutibiwa na mhudumu wa tiba, na tiba hiyo iliandikwa kwenye kumbukumbu rasmi. Sharti la tatu ndilo linaloua maombi. Mzee anaweza kuwa na kovu na mashahidi wanne, lakini kama hakuna karatasi ya wakati ule, wanaoamua hawana pa kushika.

Na kwa nini karatasi haipo? Kwa taratibu za Vietnam, aliyelazwa zaidi ya saa 24 au kuhamishwa nje ya nchi alipewa nishani na mkuu wa hospitali, ambaye alikuwa na karani na utaratibu wa kutoa amri. Aliyetibiwa na kuruhusiwa ndani ya saa 24 aliachiwa kikosi chake kimwandikie. Kikosi kiko porini, karani amebadilishwa, kamanda kaenda likizo ya mapumziko. Mzee ni wa kundi hilo la pili. Kwa hiyo kukosekana kwa amri hakuthibitishi kwamba hakujeruhiwa, na jambo hilo lielezwe kwa aya moja tulivu kwenye maombi.

Faili likifika, fungua DA Form 20, kadi ya utumishi wake. Kisanduku cha 38 kinaonyesha alikuwa kikosi gani kwa tarehe gani, cha 40 ni majeraha, cha 41 ni nishani. Kisha tafuta fomu SF 88 na SF 89, uchunguzi wa afya wa kuachishwa jeshi. Bodi yenyewe, pamoja na kisanduku cha 40, huangalia orodha ya majeruhi wa Vietnam na hazina ya amri za nishani za 1965 hadi 1973 inayoitwa ADCARS. Mkizijua sehemu hizo mtajua mapema wataona nini.

Mama_Pacha

Asanteni sana, marahaba kwa niaba ya mzee. Sehemu ya faili tunayo tayari, alipewa siku anaondoka jeshini. Kisanduku cha 40 ni kitupu. SF 88 imeandikwa kovu bega la kushoto, basi, hakuna maelezo ya chanzo. Picha ya eksirei ya VA (idara ya wakongwe wa jeshi) inaonyesha vipande vya chuma bado vimo, na VA wanamlipa kwa kovu hilo. Hiyo haitoshi?

Nahodha_Mstaafu

Peke yake, hapana. VA wanauliza kama jeraha linahusiana na utumishi. Bodi inauliza kama lilitokana na adui. Mtu anaweza kupigwa na chuma kwenye ajali ya mazoezi akalipwa na VA vizuri tu bila kustahili Purple Heart. Ila eksirei ina thamani kubwa kwenye fungu lenu: chuma kilichobaki mwilini kinaondoa shaka kwamba kovu ni la kuanguka au la waya. SF 88 inathibitisha kwamba kovu lilikuwepo 1969. Kinachokosekana hasa ni kiungo cha adui na tarehe.

Kiungo hicho kitafutwe kwenye kumbukumbu za kikosi, zilizoko College Park, Maryland, kundi la 472 la Hifadhi ya Taifa. Omba shajara ya kila siku ya batalioni, DA Form 1594. Ni jedwali lenye saa, aliyeleta taarifa na kilichotokea. Mara nyingi utakuta mstari mfupi: saa fulani usiku, kombania fulani imepokea makombora kadhaa ya mota, majeruhi watatu, viwianishi vya mahali. Majina huwa hayaandikwi. Usivunjike moyo. Mstari huo unathibitisha shambulio, usiku, kombania na kwamba kulikuwa na majeruhi. DA Form 20 inamweka mzee kwenye kombania hiyo usiku huo. Mashahidi wanamweka miongoni mwa wale watatu.

Taarifa za asubuhi za kombania ziko St. Louis. Ziombwe pia, lakini ujue ziliandika mabadiliko tu: aliyehamishwa, aliyelazwa, aliyekufa. Aliyerudi siku ileile kwa kawaida hatajwi. Faida yake kubwa ni majina ya wenzake waliolazwa baada ya shambulio hilohilo. Hao ndio mashahidi wa kutafutwa, na wao huenda wana amri zao za Purple Heart zenye tarehe ileile.

Mwandishi_wa_Viapo

Kuhusu mashahidi, niseme jambo moja kwa mkazo: barua tano zinazofanana neno kwa neno ni mbaya kuliko barua moja. Usiwaandikie. Wape maswali, waandike wenyewe.

Kila maelezo yawe na jina kamili, kikosi na platuni, cheo cha wakati ule, alikuwa umbali gani na mzee, aliona nini kwa macho yake, nani alimfunga bandeji, na amejuaje tarehe. Mwisho atamke kwamba anasema kweli chini ya adhabu ya sheria ya kiapo cha uongo, aweke sahihi na tarehe. Kupitia mthibitishaji wa serikali kunaongeza uzito. Shahidi aliyesikia hadithi kwenye mkutano wa wakongwe miaka ishirini baadaye asitumike kabisa. Mwenye thamani ya juu kuliko wote ni tabibu wa platuni aliyemtibu, kwa sababu yeye anagusa sharti la pili moja kwa moja.

Tarehe zilinganishwe kabla ya kutuma. Mzee akisema Aprili, rafiki yake akisema Juni na shajara ikasema Mei, anayesoma atashika tofauti hiyo aache mengine yote. Kumbukumbu ya mtu kupotea mwezi mmoja ni jambo la kawaida. Waonyeshwe shajara kama picha ya tukio, waulizwe kama ndilo hilo, na kwenye maelezo yao waseme wazi kwamba tarehe wameipata humo. Ukweli ukielezwa hivyo haudhuru.

Tumeni nakala tu, asilia zibaki nyumbani. Na kama mzee ana barua alizomwandikia mama yake wakati ule, zenye muhuri wa posta, hizo ni karatasi za wakati ule. Familia nyingi zinazo kwenye sanduku na hazijui thamani yake.

Karani_wa_Masjala

Swali la nne halijajibiwa. Silver Star isichanganywe na Purple Heart. Njia ni tofauti kabisa.

Nishani ya ushujaa inahitaji pendekezo, na muda wa kulipeleka ulikwisha zamani. Mlango uliobaki ni kifungu cha 1130 cha Juzuu ya 10: mbunge wa wilaya yake au seneta ndiye anayewasilisha ombi jeshini. Ofisi ya mbunge itataka kibali cha faragha chenye sahihi ya mzee. Fungu lenyewe linakuwa na DA Form 638, maelezo ya tukio, rasimu ya tamko la nishani na maelezo ya walioshuhudia. Mpendekezaji lazima awe na ufahamu wa moja kwa moja wa tukio, na bora ni huyo kamanda wa kombania kama yu hai. Mtafuteni sasa. Chama cha wakongwe wa divisheni yake ndicho cha kuanzia.

Si njia ya ndoto. Paris Davis, afisa wa kikosi maalumu, alipendekezwa Medal of Honor (nishani ya juu kabisa ya ushujaa) kwa mapigano ya Juni 1965 karibu na Bong Son, karatasi zikapotea zaidi ya mara moja, akavishwa Machi 2023. Waverly Woodson, tabibu Mweusi wa ufuo wa Omaha, Normandy, 1944, alipewa Distinguished Service Cross (nishani inayofuata chini yake) mwaka 2024, miaka 19 baada ya kufa. Kesi zote mbili zilisukumwa na watu waliokataa kuacha kutafuta karatasi.

Wakati mnaandaa Purple Heart, ombeni pia yale yanayorekebishwa bila mabishano. Angalia kama Vietnam Service Medal ina nyota za shaba za kampeni zote alizokuwepo, na kama Gallantry Cross ya Jamhuri ya Vietnam kwa vikosi imeandikwa. Hiyo ya mwisho ilitolewa kwa jumla kwa Amri ya Jumla namba 8 ya 1974, yaani baada ya yeye kuondoka, ndiyo maana haimo kwenye DD 214 nyingi mno. DA Pamphlet 672-3 inaorodhesha tuzo za kila kikosi.

Nahodha_Mstaafu

Ikifika bodi, sheria inataka asilimia 90 ya kesi ziamuliwe ndani ya miezi 10 na hakuna inayovuka 18. Kisheria bodi inaanza kwa kuamini kwamba kumbukumbu ziko sawa; mzigo wa kuonyesha kosa ni wenu, na kipimo ni ushahidi ulio mzito zaidi upande mmoja. Wakikataa, ombi la kufikiriwa upya linapokelewa mkileta ushahidi mpya, kwa hiyo msimalize ofisi za kumbukumbu haraka haraka. Mawakili hawalazimiki. Vyama vya wakongwe American Legion, VFW na DAV vina wawakilishi wa bure, ila someni barua zao kabla hazijatumwa.

Wakikubali, kosa linarekebishwa kwa DD 215, ukurasa mmoja unaotaja kisanduku cha 24 na kilichoongezwa. DD 214 ya zamani haibadilishwi, kwa hiyo hizo karatasi mbili zikae pamoja daima. Peleka nakala VA siku hiyohiyo: mwenye Purple Heart anaingia kundi la 3 la kipaumbele kwenye matibabu, na tangu tarehe 1 Januari 2020 anaruhusiwa kununua kwenye maduka ya kambi za jeshi. Medali yenyewe huja kwa posta baadaye, kwa bahasha tofauti. Isipofika, wasilianeni na waliotoa DD 215, msianze maombi mapya.