Roli mbichi za Vietnam: karatasi inararuka kila nikikunja, nakosea wapi?

MamaPacha_Nax
Jameni wadau nisaidieni. Daktari aliniambia nipunguze mafuta na mi ndio yule mtu wa bhajia na viazi karai kila jioni, so nikasema nijaribu zile gỏi cuốn za Vietnam, roli za mboga na nyama zenye hazikaangwi, unafunga kwa karatasi ya mchele yenye inaliwa. Hizo karatasi nilipata supamaketi hapa Nakuru, ngumu hivi, ukigonga zinalia kama plastiki. Karoti nikakata, kukamba nikakata, kuku wa kuchemsha nikamchambua. Nikaloweka karatasi kwa maji moto mpaka ikalegea kabisa, kuweka kwa sahani ikashika, kuvuta ikararuka. Ya pili ikajikunja yenyewe ikawa donge. Kufika ya sita mapacha wamemaliza karoti zote na wananiuliza ugali iko wapi. Na sosi mnatengenezaje, ya dukani sitaki.

Jakisumo
Pole dada, shida ni maji. Nilifanya kazi jikoni ya hoteli hapa Kisumu na hizo vitu tulikunja mpaka vidole vikakauka. Maji yawe ya kawaida ama vuguvugu tu, mimina kwa sinia pana, pitisha karatasi sekunde tano sita hivi utoe ikiwa bado ngumungumu, ukipapasa bado unasikia zile alama za mkeka wa mwanzi walioianikia. Italainika yenyewe kwa ubao ukiendelea kupanga vitu. Wewe unangoja ilainike ndani ya maji, ikifika kwa sahani ishapitiliza. Ubao nao upanguse na kitambaa chenye maji, kwa kikavu lazima ishike.

Panga vitu upande wa karibu na tumbo lako, kidogo tu, usijaze kama gunia la mahindi. Kunja mara moja, rudisha pande mbili ndani, halafu viringisha ukikaza. Wenyewe huko huweka nyama ya nguruwe ya kuchemsha, kamba waliopasuliwa katikati, tambi nyembamba za mchele na majani mengi, minti, dania, letasi. Kamba hupangwa mahali patakapokuja juu ndio ile rangi ionekane. Mi kamba bei ilinishinda, natumia samaki mbuta wa kuchemshwa na mvuke na hakuna mtu amewahi kulalamika. Kukamba toa mbegu, ule majimaji ndio unaharibu karatasi.

Shiswa_Kakamega
Sosi ni njugu bana. Chukua njugu iliyosagwa ya sokoni, ile haina sukari, vijiko viwili vikubwa, lainisha na maji ya moto, tia soya sosi kidogo, ndimu, kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili. Kuna ingine ya sosi ya samaki, ndimu, sukari na maji lakini hiyo harufu bibi yangu alinifukuza nayo nje.

nesi_wa_mtaa
Watu wa njugu mnajua njugu pia ni mafuta? Mazuri ndio, lakini chovya, usinywe. Na karatasi ni wanga, tambi ni wanga, ukila roli nane umekula sahani ya wali bila kujua, so mamangu punguza tambi ongeza majani. Alafu hayo majani hayaendi motoni, yaoshe na maji yaliyochemshwa ama yenye dawa, sio ya mfereji hivihivi. Dania haswa, fungua kile kifungu uone mchanga.

MamaPacha_Nax
Nimerudi! Sekunde tano, nimekunja kumi, imeraruka moja pekee. Lakini zilizobaki niliweka kwa friji na asubuhi zimekuwa kama ukucha??

Jakisumo
Friji inazikausha. Kunja za kula siku hiyo tu, funika na kitambaa chenye unyevu na zisigusane, zikishikana kuzitenganisha ni vita.

MamaPacha_Nax
Sawa. Sasa pacha mmoja anataka ya omena, hiyo inawezekana?

Jakisumo
Hahaha huyo ni wetu. Inawezekana, lakini wafunge omena kwa letasi kwanza, la sivyo zile ncha zitatoboa karatasi.